Haki ya Mnunuzi na Mlango wa Kuidaia

(Hotuba iliyosomwa barazani mbele ya wanachama)



Nimetakiwa niseme juu ya dhulma za biashara na dawa yake katika sheria. Mada hii ni pana, nami sitaizunguka yote. Nitaichukua nchi moja, Bara Hindi, kwa kuwa huko jambo hili limejaribiwa muda mrefu, likafanikiwa mahali na likakwama mahali. Tena si nchi ngeni kwetu. Rupia ilitumika Unguja mpaka ilipopokewa na shilingi mwaka 1936, na Sheria ya Mikataba ya Bara Hindi ya mwaka 1872 ilitumika katika mahkama za pwani hii kwa miaka mingi.

Kwanza tuijue dhulma yenyewe. Mwenye kupunja mizani kila mtu humjua. Lakini iko dhulma ivaayo nguo nzuri. Huko Bara Hindi mtu alikuwa akienda kwa wakala wa gesi ya kupikia ili aandikishwe apewe mtungi, akaambiwa: mtungi upo, lakini huupati mpaka ununue na jiko papa hapa kwangu. Jiko analo nyumbani, wala hana haja ya la pili. Walakini atafanyaje, na wakala wa mtaa ni huyo mmoja? Hakuibiwa kitu kwa macho. Amenyang'anywa khiari yake. Hiyo ndiyo biashara ya kumbana mnunuzi. Ndugu yake ni biashara ya hadaa: bei iliyoitwa ya kupunguzwa nayo haijapata kuwa kubwa, kitu kikuukuu kilichopakwa rangi kikauzwa kuwa kipya, zawadi ya bure ambayo thamani yake imekwisha kutiwa ndani ya bei, bidhaa iliyofichwa ghalani ili bei ipande.

Mwaka 1969 Bara Hindi ilitunga sheria ya kuyazuia makampuni makubwa yasihodhi masoko, na mwaka uliofuata ikawekwa Tume ya kuisimamia. Kwa maneno ilikuwa sheria ya nguvu. Lakini walioitunga walikuwa wakiwatazama matajiri wa viwanda. Mnunuzi wa ratili moja ya sukari hawakumwona. Ilidhaniwa ya kuwa makampuni yakitiwa adabu yatashindana, na faida ya mashindano itamfikia mnunuzi yenyewe. Kamati ya Jaji Rajinder Sachar ilionyesha mwaka 1978 kwamba sivyo, na mwaka 1984 hadaa nazo zikaingizwa katika sheria ile. Haya, zimeingizwa, lakini Tume yenyewe ilikuwa Delhi. Mjane wa kijijini aliyeuziwa taa mbovu akafanye nini Delhi, na nauli yake yashinda bei ya taa?

Jambo lenye maana lilitendeka mwaka 1986, ilipopitishwa Sheria ya Kumlinda Mnunuzi. Sheria hiyo ilitaka kila wilaya iwe na baraza lake la kusikiliza mashauri ya wanunuzi. Madai yasiyofika rupia laki moja yalisikilizwa wilayani, mpaka laki kumi katika jimbo, na makubwa kuliko hayo katika baraza la taifa. Wilayani walikaa watu watatu, mkubwa wao mwenye sifa za ujaji, na mmoja wa wale wawili ilikuwa lazima awe mwanamke. Aliyeliandika sharti hilo, naona, alijua ni nani aendaye sokoni. Mlalamikaji aliweza kujisemea mwenyewe bila ya wakili, na katika miaka ya mwanzo hakutozwa ada hata pesa moja. Baraza liliweza kuamuru kitu kitengenezwe, au kibadilishwe, au fedha zirudishwe, na juu yake fidia ilipwe na desturi mbovu ikomeshwe. Mwenye kuikaidi amri aliweza kufungwa tangu mwezi mmoja hata miaka mitatu.

Na hili nataka mlisikilize khasa. Zilipofika zamu za idara za umma, zilidai kuwa sheria ile ni ya wenye maduka tu. Mwaka 1993 Mahkama Kuu ya Juu ya nchi ile, katika shauri la Mamlaka ya Ujenzi ya Lucknow, iliamua kwamba idara inayowauzia raia nyumba nayo ni muuzaji, na itajibu kama muuzaji yeyote. Ikaongeza kwamba fidia itokanayo na uonevu wa maafisa isibaki juu ya mgongo wa mlipa kodi, bali itafutwe kwa maafisa wenyewe waliohusika.

Sifa zisipite kiasi. Kanuni zilikusudia shauri limalizike kwa miezi mitatu hivi. Mengi yalikaa miaka. Mawakili wakaingia, na madaftari yao, na maombi yao ya kuahirisha. Ndiyo sababu ikatungwa sheria mpya mwaka 2019, ikaanza kazi mwaka 2020, inayomruhusu mnunuzi kushtaki pale anapokaa au anapofanya kazi, si lazima amfuate tajiri kwake.

Sasa na sisi. Tanzania Bara ina Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, na visiwa hivi vina sheria yao ya mwaka 2018 ya biashara na kumlinda mtumiaji. Mimi sigombani na maneno ya sheria hizo. Nauliza mengine: mwanamke wa Micheweni aliyeuziwa unga uliooza atabisha hodi wapi? Atapanda gari ngapi? Atalipa nini kabla hajasikilizwa, na atangoje siku ngapi? Maswali haya yaulizwe katika Baraza la Wawakilishi, na majibu yatakwe kwa tarakimu.

Nanyi mkitoka hapa, kila mnunuapo kitu cha thamani takeni risiti yenye tarehe na jina la duka, mkaiweke. Hakuna baraza, la karibu wala la mbali, litakalowasaidia bila ya ushahidi. Nikomee hapo, ili nipate kusikiliza maswali yenu.