Askari wa Lango na Mwanafunzi Mgeni

Kila mwaka, ifikapo miezi ya Agosti na Septemba, barabara zinazokutana katika mpaka wa Uganda na Kenya hupata wasafiri wa namna ya pekee. Katikati ya malori yanayongoja zamu yao Malaba, na wachuuzi wa nafaka na samaki wanaovuka Busia, huonekana vijana waliobeba begi jipya, godoro lililokunjwa na kufungwa kamba, na bahasha ya kaki iliyoshikwa kwa nguvu kuliko mizigo mingine yote. Ndani ya bahasha hiyo mna barua ya kukubaliwa chuoni. Hao ndio wanafunzi wapya wa vyuo, na wengi wao hawajapata kuishi mahali ambapo hakuna mzazi wala mwalimu wa zamu wa kuwaambia la kufanya.

Wengine huelekea Chuo Kikuu cha Busitema, kilichoanzishwa mwaka 2007 mahali palipokuwa na chuo cha taifa cha zana za kilimo, kando ya barabara kuu iendayo Jinja kutoka Tororo. Wengine hushika njia ya Nagongera, wilayani Tororo, kwenye tawi la chuo hicho hicho linalowafunza walimu wa sayansi. Upande wa Kenya kiko Chuo Kikuu cha Alupe, katika Kaunti ya Busia, ambacho kilikuwa chini ya Chuo Kikuu cha Moi tangu mwaka 2015, na kikapata hati yake ya kujitegemea mwaka 2022. Wateso na Wasamia wanaishi pande zote mbili za mpaka huo, na kwao si ajabu mtoto kulala nchi moja na kusoma nchi nyingine. Kwa kulitambua jambo hilo, wakuu wa nchi wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walitangaza mwaka 2017 kwamba nchi zao ni eneo moja la elimu ya juu.

Hata hivyo, tangazo la wakuu wa nchi halimwonyeshi kijana mlango wa ofisi ya msajili. Mzazi ameuza ng'ombe, au amekopa katika chama cha akiba, ili kumfikisha mwanawe chuoni. Kijana akishapita lango, anakuta majengo mengi, foleni ndefu na watu wenye haraka. Kila ofisi anayoihitaji ipo na mshahara wa mtumishi wake unalipwa. Lakini kwa mgeni, ofisi isiyojulikana ni sawa na ofisi isiyokuwapo.

Faida ya kuzijua ofisi hizo si ndogo. Msajili wa taaluma ndiye anayeandikisha jina la mwanafunzi, na asiyeandikishwa kwa wakati huweza kuzuiwa kufanya mtihani hata kama alihudhuria masomo yote. Mhasibu hupokea ada na kuthibitisha malipo. Mlezi wa wanafunzi, yaani mkuu anayesimamia maisha yao nje ya darasa, hushughulikia malazi, migogoro na shida za nyumbani. Iko zahanati, yuko mshauri nasaha, uko uongozi wa wanafunzi wenyewe. Katika vyuo vingi fedha za matibabu huwa zimekwisha kuingizwa katika ada. Hata hivyo si jambo geni kumkuta mwanafunzi mpya mwenye homa ya malaria amelala chumbani, akinywa vidonge alivyonunua dukani kwa fedha ya chakula, ilhali zahanati aliyoilipia ipo hatua chache kutoka kitandani pake.

Lipo pia jambo ambalo familia za askari zinapaswa kulijua kuliko familia nyingine. Askari huhamishwa, hupelekwa mbali, na mara nyingine fedha zake huchelewa kufika nyumbani. Tangu Machi 2007, majeshi ya Uganda yalipoingia Mogadishu, maelfu ya wazazi wamewaacha watoto wao shuleni na vyuoni wakaenda kulinda amani katika nchi ya watu. Ada inapokosekana, kijana asiye na mtu wa kumwuliza huona aibu, hufunga virago usiku na kurudi nyumbani kimya kimya. Baada ya mwaka mmoja hurudi na fedha mkononi, akaambiwa kwamba nafasi yake imepotea kwa sababu alitoweka bila taarifa. Laiti angejua mapema, angeandika barua kuomba kuahirisha masomo, na nafasi yake ingeweza kuhifadhiwa mpaka mambo yatengemae. Barua ya ukurasa mmoja, iliyopelekwa kwenye ofisi inayohusika, ingeokoa jasho la mzazi na miaka ya kijana.

Zamani tatizo hili halikuwa kubwa. Makerere ilipofunguliwa mwaka 1922 ilianza na wanafunzi 14 tu. Katika kundi la watu 14 hakuna anayepotea. Akikosekana mmoja mezani, wote hujua. Siku hizi vyuo hupokea mamia na maelfu kwa mkupuo mmoja. Ni kweli kwamba vyuo hutenga wiki ya kuwapokea wageni, na jambo hilo ni jema. Lakini mara nyingi wiki hiyo hupita katika hotuba. Wakuu wa idara husimama mmoja baada ya mwingine, ukumbi umejaa, kipaza sauti kinakoroma, na kijana aliyesafiri usiku kucha anasinzia. Siku atakapougua, miezi miwili baadaye, hakumbuki hata neno moja la hotuba ya daktari.

Katika jambo hili, jeshi na polisi wana somo la kuwafundisha wasomi. Kuruta anayewasili Kaweweta au Kabalye, kwa upande wa Uganda, au Kiganjo, kwa upande wa Kenya, haachwi azurure akitafuta mahali pa kulala. Huonyeshwa bweni, jiko, stoo ya sare, hospitali ya kambi na kota gadi. Huambiwa nani ni mkubwa wake, na akipatwa na shida aanzie kwa nani kabla ya kupanda ngazi ya juu. Tena huonyeshwa kwa kutembezwa, kwa maana miguu hukumbuka kuliko masikio. Zaidi ya hayo huwekwa katika seksheni, akawa na wenzake wanaohesabiwa pamoja naye asubuhi na jioni. Chuo si kambi, na mwanafunzi hapaswi kuendeshwa kwa filimbi. Lakini kumtembeza mgeni katika ofisi zote, na kumkabidhi kwa mwanafunzi wa mwaka wa pili au wa tatu atakayemjulia hali, hakuhitaji bajeti mpya wala amri kutoka wizarani.

Wakati vyuo vinaposita kufanya hivyo, yuko mtu mmoja ambaye mgeni humkuta kabla ya wengine wote. Huyo ni askari wa lango, awe polisi aliyepangwa zamu au mlinzi wa chuo, na wengine kati ya walinzi hao waliwahi kuvaa sare za jeshi. Kijana aliyeshuka kwenye boda boda, usafiri uliopata jina lake hapo hapo mpakani Busia, hamjui mlezi wa wanafunzi wala msajili. Anamwona mtu mwenye sare, na mara nyingi humsemesha kwa Kiswahili, lugha ambayo majeshi ya nchi hizi yameitumia tangu siku za King's African Rifles, na ambayo Katiba ya Uganda iliifanya lugha rasmi ya pili mwaka 2005. Mteso, Mjopadhola, Msamia na Mluo wote huipata katika lugha hiyo njia ya kuuliza bila kuona haya. Basi jibu la askari huyo ndilo salamu ya kwanza ya chuo.

Askari anayejibu kwa ukali, "Mimi sijui, nenda huko ndani", amemfukuza mgeni bila kumgusa. Askari anayesema, "Mwanangu, anza kwa msajili, jengo lile lenye bati jekundu, ukimaliza rudi hapa nikuonyeshe zahanati", amefanya kazi ya ulinzi kwa maana yake kamili. Wahenga walisema kwamba mgeni ni kuku mweupe. Anaonekana kutoka mbali, na mwewe huwa wa kwanza kumwona. Karibu na vyuo na katika vituo vya mabasi hawakosekani matapeli wanaojifanya watumishi wa chuo, wakidai kwamba wanaweza kuharakisha uandikishaji au kumpatia kijana chumba kwa bei nafuu. Fedha za ada zikishaingia mikononi mwao, polisi ndio watakaoamshwa kuandika maelezo na kutafuta mtu aliyekwisha kuvuka mpaka. Dakika mbili za kumwelekeza mgeni, na kumwonya kwamba ada hulipwa katika akaunti ya chuo tu, zinapunguza majalada kituoni.

Wajibu huo unaanzia kwenye mpaka wenyewe. Tangu kituo cha pamoja cha Busia kilipozinduliwa rasmi mwaka 2018, msafiri hukamilisha shughuli zake mahali pamoja badala ya kupanga foleni mara mbili. Mwanafunzi anayepita hapo huhitaji kukumbushwa mambo mawili: kwamba anatakiwa kupata kibali cha mwanafunzi katika idara ya uhamiaji, na kwamba cheti cha shule kilichotolewa nchi nyingine huhitaji kulinganishwa na vyeti vya nchi anayokwenda kusoma. Wengi huyagundua mambo hayo wakati muda umekwisha kupita. Neno la ofisa mmoja mpakani laweza kumwondolea kijana safari tatu za bure.

Hatimaye, askari ni mzazi pia. Baba aliyeko kambini au mama aliyeko kituo cha polisi anapompigia simu mwanawe katika majuma ya kwanza, kwa kawaida huuliza kama amekula na kama fedha zimefika. Maswali hayo ni ya haki, lakini hayatoshi. Inafaa aulize pia: umekwisha kuandikishwa? Umemwona mlezi wa wanafunzi kwa macho yako? Ukiugua usiku utakwenda mlango upi? Mtu akikuonea, hata kama ni mwalimu, utamweleza nani? Mtoto akibabaika katika kujibu, mzazi ajue kwamba mwanawe bado yuko nje ya lango, ingawa analala ndani. Hana sababu ya kumkemea. Amwambie kesho asubuhi azungukie ofisi hizo moja moja, kisha apige simu kutoa ripoti.

Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, lakini anayeulizwa naye ana deni. Deni hilo ni la wakuu wa vyuo, ni la wanafunzi waliotangulia, na ni la kila mwenye sare anayesimama pale ambapo mgeni hufika kwanza. Kila askari aliyepangwa zamu katika lango la chuo, Busitema, Nagongera, Alupe au kwingineko, na atenge nusu saa kabla ya msimu wa wageni kuanza, azitembelee ofisi zote na kujua ipi hufungwa saa ngapi. Mlinzi asiyeijua nyumba anayoilinda hawezi kumwelekeza mwenye nyumba, na wanafunzi hao, kwa jasho la wazazi wao, ndio wenye nyumba.