Dawa ya Magugu na Mizinga Yetu

Mazungumzo ya Mweka Hazina kwenye mkutano wa mwaka, Mabibo, Dar es Salaam



Mmezoea kuniona nikisimama na daftari la michango. Leo nimepewa dakika kumi nizungumzie nyuki, kwa kuwa harambee ya mwaka huu ni ya kununua mizinga ya kina mama wa nyumbani. Kabla hatujatoa fedha, naomba nianze na kosa langu.

Miaka mitatu iliyopita kaka yangu alinipigia simu. Palizi ilikuwa imemshinda na vibarua wamepanda bei. Nikamtumia fedha ya dawa ya magugu. Kwa hesabu zangu za kihasibu ilikuwa faida tupu: kazi ya wiki mbili iliisha kwa siku mbili. Alipiga dawa asubuhi, magugu yakiwa yamechanua, karibu kabisa na mizinga ya baba mdogo. Msimu ule baba mdogo alirina ndoo moja, mahali alipozoea kupata nne. Sina kipimo cha maabara cha kuthibitisha kwamba dawa yangu ndiyo iliyosababisha. Mvua nazo zilikuwa haba. Lakini mzee hakuniuliza habari za mvua. Aliniuliza, "Mwanangu, ulituma nini?"

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma. Wengi wetu tunaamini dawa ya magugu huua majani tu. Dawa inayotumika sana duniani, glifosati, huzuia kimeng'enya ambacho mimea inacho na wanyama hawana. Ni kweli nyuki hana kimeng'enya hicho. Ila bakteria wazuri wanaoishi tumboni mwake, wengi wao wanacho. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas, Austin, Marekani, walionyesha kwamba nyuki waliolishwa glifosati walipungukiwa na bakteria hao, na walipokutanishwa na vijidudu vya ugonjwa walikufa kwa wingi zaidi. Kwa hiyo usitegemee kuona mizoga chini ya mzinga siku ya kupuliza. Kundi linaweza kudhoofika polepole, nawe ukadhani ni bahati mbaya.

Hasara ya pili ni njaa. Asali yetu inatoka kwenye miombo, lakini miti haichanui mwaka mzima. Ikipumzika, nyuki huokoteza kwenye vichaka, mazao na hayohayo magugu. Tukifyeka kila ua kwa dawa, tumefunga ghala lao. Na nyuki huruka kilomita tatu na zaidi kutafuta chakula, hivyo shamba la jirani ni shamba la nyuki wako pia. Mkulima naye hapati nafuu: alizeti, matikiti na maboga yanamhitaji nyuki ili yazae vizuri.

Simwambii mtu arudi kwenye jembe la mkono. Mama mwenye ekari tatu na watoto shuleni anaihitaji dawa. Ninachoomba ni utaratibu. Mwenye shamba awaarifu wafugaji wa jirani kabla ya kupuliza. Apulize jioni, nyuki wakiwa wamerudi, na kabla magugu hayajachanua. Aache ukanda wa maua pembezoni. Bomba lisioshwe kijitoni, maana nyuki hunywa maji hapo, na sisi pia. Na dawa inunuliwe iliyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, si ya kupimiwa kwenye chupa ya soda isiyo na maelezo.

Kaka yangu sasa humpigia simu baba mdogo kwanza. Simu hiyo haigharimu hata bei ya kilo ya sukari.

Kwa hiyo, ndugu zangu, napendekeza sehemu ndogo ya mchango wa leo isiende kwenye mizinga. Iende kumleta bwana nyuki na bwana shamba wakae na wanakijiji siku moja kabla ya msimu wa kupuliza. Mzinga mtupu ni sanduku tu, na mimi sitaki mwakani nisimame hapa kuwasomea hesabu za masanduku.

Nanyi mnaotuma fedha ya dawa kwa simu, kama nilivyotuma mimi: mkituma, ulizeni mizinga iko wapi.

Daftari liko mezani.