Sekunde Sita Kati ya Vyumba Viwili: Kupima Damu ya Mapafuni kwa Altrasaundi

Anayejifunza altrasaundi huonywa mapema kwamba mapafu hayana picha. Mawimbi ya sauti hupita kwenye nyama ya mwili kwa mwendo wa mita 1,540 hivi kwa sekunde, lakini yakigota hewa hurudi karibu yote yalikotoka. Kioo huonyesha mwangwi unaojirudia tu, mstari juu ya mstari. Sasa mtu akidai kwamba kwa mashine hiyohiyo anaweza kutaja mililita za damu zilizomo mapafuni, wenzake wana haki ya kuguna.

Mada hii inatetea dai hilo, kwa sababu moja: kipimo chenyewe hakigusi mapafu.

Mfano uko kwenye kivuko cha Kigamboni. Kama watu 60 huingia katika banda la abiria kila dakika, na kila mmoja hukaa humo dakika 8 kwa wastani, basi ndani wamo watu 480. Hakuna aliyelazimika kuwahesabu vichwa. Anayetaka idadi husimama mlangoni akiwa na saa. Mapafu nayo yana milango miwili: damu huingia ikitokea upande wa kulia wa moyo, hutoka ikielekea upande wa kushoto, na milango yote miwili huonekana kwa altrasaundi bila shida. Moyo wa mtu mzima aliyetulia husukuma lita 5 hivi kwa dakika, yaani mililita 83 kwa sekunde. Damu ikichukua sekunde 6 kuvuka, njiani mna mililita 500. Vitabu vya fiziolojia hutaja 450 hivi, ambazo ni asilimia 9 ya damu yote mwilini, na kati ya hizo 70 tu ndizo ziko kwenye kapilari. Akiba hiyo haitulii: mpiga tarumbeta anapokaza pumzi anaweza kuzisukuma nje ya mapafu hadi mililita 250.

Wazo lenyewe ni la zamani. George Stewart alilitumia katika karne ya 19, akidunga maji ya chumvi kwenye damu na kufuatilia yanavyozimuliwa njiani. Mwaka 1968 Raymond Gramiak na Pravin Shah, wa Rochester nchini Marekani, walieleza jinsi dawa iliyodungwa moyoni ilivyoijaza picha mng'ao. Ulikuwa wa viputo vya hewa. Lakini viputo vya kawaida hunaswa na kapilari za mapafu, havifiki ng'ambo.

Vya leo hufika. Kichupa cha SonoVue, dawa ya viputo hivyo, huwa na unga mweupe na gesi ya salfa heksafloridi. Muuguzi huingiza mililita 5 za maji ya chumvi, hutikisa kwa nguvu sekunde 20, na kinachopatikana hufanana na maziwa. Kila kiputo kina wastani wa mikromita 2.5, wakati chembe nyekundu ya damu ina 7 au 8, kwa hiyo hupenya. Mgonjwa hulala ubavu wa kushoto, kanula mkononi. Dozi ndogo inaingia; chumba cha kulia cha moyo kinawaka, kisha kimya kidogo, kisha cha kushoto. Kompyuta huchora milima miwili ya mng'ao na kupima muda kati yake. Mwaka 2004 Massimo Mischi na wenzake wa Eindhoven, Uholanzi, walichapisha njia hii baada ya kuijaribu kwenye mabomba ya maabara na kwa wagonjwa.

Dozi ikizidi, viputo vya karibu humeza mawimbi na vya mbali hufifia. Nguvu ya mashine ikizidi, hupasuka. Hayo hurekebishika.

Kasoro inayostahili kujadiliwa iko kwingine. Sekunde peke yake hazitoi mililita; lazima zizidishwe kwa damu inayosukumwa, na hiyo hukadiriwa kwa kupima upana wa njia ya kutokea aota, kisha kuupiga kipeo cha pili. Mpimaji akiweka alama sentimita 1.8 badala ya 2, eneo hushuka kwa asilimia 19, na zile mililita 500 huwa 405. Milimita 2 tu, nusu ya mtetemo wa mkono! Ndiyo maana ripoti ingefaa kuandika muda wa kuvuka kwanza, ujazo baadaye. Tena ujazo huo unabeba pia damu ya atria ya kushoto, ambayo kwa mgonjwa wa homa ya baridi yabisi aliyesinyaa vali ya mitrali huwa imetanuka sana. Jina "damu ya mapafu" limekikuza kipimo.

Wala kisichanganywe na mistari wima ing'aayo ambayo Daniel Lichtenstein wa Ufaransa aliihusisha, mwaka 1997, na maji kwenye tishu za mapafu. Ile huonyesha maji yaliyokwisha kuvuja nje ya mishipa. Hiki hupima damu ambayo bado imo ndani.

Kwa kliniki inayotaka kuanza, jambo la kupanga ni ratiba. Kichupa kikishachanganywa hutumika kwa saa 6 tu, na kipimo kimoja huhitaji sehemu ndogo yake. Hata hivyo kichupa ni cha uchunguzi mmoja tu, na kinachobaki hutupwa; kwa hiyo kichanganywe mgonjwa akiwa tayari.