Mzigo wa Kulala Hemani

Mwalimu, tafadhali andika maneno matatu ubaoni: hema, shanta, kigingi. Hema mnalijua. Shanta ni mfuko unaobebwa mgongoni. Kigingi ni kijiti cha mti au cha chuma kinachopigwa ardhini ili kamba ya hema ishike.

Mzee mmoja, ambaye mwanawe anasoma Uingereza, ametuletea swali. Kijana amealikwa na wenzake kwenda Glastonbury kusikiliza muziki, nao watalala mahemani siku tano. Mzee anauliza, "Achukue nini?" Basi leo tumjibu mzee wetu, nawe utakayesafiri siku moja usikilize.

Kwanza tupajue mahali penyewe. Glastonbury ni mji mdogo katika Somerset, lakini tamasha hufanyika kijiji cha jirani, Pilton, katika shamba la ng'ombe wa maziwa. Mara ya kwanza ilikuwa mwaka 1970. Mtu alilipa pauni moja, akapewa na maziwa bure! Siku hizi hufika watu kama 200,000. Miaka mingine tamasha halifanywi, kama ilivyokuwa mwaka 2018, ili shamba lipumzike.

Hufanywa mwishoni mwa Juni, wakati wa joto kwao. Jua huchomoza kama saa kumi na moja alfajiri, nalo huchwa saa tatu na nusu usiku. Lakini mchana usikudanganye. Usiku baridi huweza kufika digrii 10, hata chini yake. Waliopata kulala Njombe au Limuru mwezi huo wanaijua baridi ya namna hiyo, nao walikuwa ndani ya nyumba. Tena kuna mvua. Mwaka 2005 ilinyesha mvua kubwa asubuhi ya Ijumaa, na mahema yaliyokuwa bondeni yakafunikwa na maji.

Rafiki yangu mmoja, mtu wa Tanga, alikwenda kulala hemani katika nchi hiyo. Alichukua mablanketi mawili mazito, akaona yametosha. Akalala juu ya turubai tupu, akajifunika yote mawili. Saa nane za usiku meno yalikuwa yakigongana. Jirani yake, mtu mzima, alimsikia akigeuka-geuka. Akamwambia, "Bwana, blanketi moja liweke chini." Rafiki yangu aliona ni maneno ya ajabu, kupunguza nguo ya kujifunika wakati wa baridi! Lakini alifanya hivyo, akapata usingizi.

Kwa nini? Mtazame kuku asubuhi ya baridi. Hutimua manyoya yake akawa mnene. Manyoya hushika hewa, na hewa hiyo iliyotulia ndiyo inayozuia joto la mwili lisitoke. Blanketi nalo hufanya kazi hiyo hiyo, na mfuko wa kulalia pia. Lakini ukiulalia, unaukandamiza, hewa inatoka, na ardhi yenye unyevu inakunyonya joto lako usiku kucha. Kwa hiyo, kijana akiwa na fedha kidogo, anunue kwanza mkeka mnene wa sponji wa kulalia, usiopenya maji. Ni kitu chepesi na bei yake si kubwa. Mimi ningenunua huo kabla ya hema zuri.

Hema lenyewe liwe na matabaka mawili, la nje la kuzuia mvua na la ndani la kulala. Asubuhi utakuta matone ndani ya lile la nje. Usidhani linavuja, ni pumzi yako mwenyewe. Ulisimamishe nyumbani mara moja kabla ya safari, uhesabu vigingi. Kulijifunza gizani huku mvua inanyesha ni taabu tupu. Ukifika, tafuta mahali palipoinuka kidogo, hata kama bondeni ni karibu na muziki.

Sasa tufunge shanta. Mfuko wa kulalia, soksi za sufu na nguo moja kavu ya kulalia vitie ndani ya mfuko wa plastiki, ufunge barabara, uweke chini kabisa. Nguo hiyo usiivae mchana kwa sababu yoyote ile. Ukilowa mchana utakauka. Ukilala na nguo mbichi waweza kuugua. Vitu vizito vikae katikati, karibu na mgongo. Koti la mvua liwe juu, maana mvua haingoji ufungue mzigo wote. Gambuti uzivae miguuni. Chukua tochi, kofia na chupa ya maji, lakini isiwe ya kioo, maana vyombo vya kioo havikubaliwi pale. Kutoka kwenye motokaa hadi mahali pa kulala ni mwendo mrefu, na kila kitu utakibeba wewe.

Neno la mwisho nalisema polepole. Usiingize jiko hemani. Jiko la mkaa, hata likionekana limekwisha kuzima, hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Aliyelala haisikii, hulala moja kwa moja. Watu wamekufa hivyo mahemani Ulaya, na hapa kwetu wamekufa hivyo vyumbani, milango imefungwa kwa sababu ya baridi. Ukiona baridi, vaa soksi, vaa kofia, ongeza kitu chini yako. Jiko libaki nje.

Siku ya kuondoka, hesabu vigingi tena. Ng'ombe watarudi kulisha pale, na kigingi cha chuma kilichosahauliwa majanini chaweza kuingia tumboni mwa ng'ombe.

Haya, fungueni madaftari. Andikeni vitu sita ambavyo kijana wa mzee wetu atachukua, kisha mpige mstari chini ya kile ambacho ninyi mngekinunua kwanza. Kwaherini.