Uchumi na Muziki: Tusimkatalie Kijana kwa Haraka

Hotuba fupi kwa kamati za parokia, Shinyanga



Kila mwaka tunapokea maombi ya ada ya chuo. Kijana akiandika "uchumi", tunapitisha upesi. Akiongeza "na muziki", kikao kinanyamaza. Tunakiri kwamba tulimkatalia binti mmoja kwa sababu hiyo. Tulimwambia muziki ni wa Jumapili.

Binti huyo alikuwa mpiga kinanda. Kwaya yake ilirekodi kanda Mwanza, kanda zote zikauzwa, lakini sanduku likabaki tupu. Yeye ndiye aliyekaa na daftari akajumlisha studio, nauli, chakula na kudurufu kanda, akatuonyesha kwamba kila kanda iliuzwa chini ya gharama yake. Sisi, baadhi yetu wafanyabiashara, hatukuwa tumeliona hilo.

Kwetu Usukumani mambo haya mawili yametembea pamoja tangu zamani. Vikundi vya bugobogobo vililima mashamba kwa ngoma na nyimbo: mapigo yaliongoza majembe, na mwenye shamba alilipa kwa chakula, mifugo au fedha. Katika sherehe za Bulabo, pale Bujora karibu na Mwanza, Bagika na Bagalu hushindana kwa ngoma, na ushindi ni wa anayevuta watu wengi zaidi. Hapo kuna ushindani, kuna soko, na kuna mtaji wa mazoezi ya miezi mingi.

Siku hizi sheria nayo ipo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi wa nyimbo. Lakini nani katika kwaya zetu anaweza kusoma mkataba na pia kusoma nota?

Hatusemi njia ni rahisi. Muziki unadai mazoezi ya kila siku, na uchumi unadai hisabati. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hufundisha uchumi na hufundisha muziki, lakini si kila chuo kinaruhusu kuchanganya masomo hayo katika shahada moja. Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Kwanza, mwombaji akiulize chuo kabla ya kujaza fomu. Pili, ikishindikana, achukue shahada ya uchumi na muziki auendeleze kwenye kwaya ya chuo. Tatu, kamati imsikilize kwanza ndipo ipige kura.

Ndugu zetu, mgodi mkubwa wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, na tangu hapo vijana wengi wametuaga kwenda kutafuta riziki upande huo. Binti tuliyemkatalia alikuwa mmoja wao. Alikwenda kuuza chakula machimboni, na kinanda cha parokia yake kikakaa muda mrefu bila mpigaji.

Mdogo wake ameomba ada mwaka huu. Ameandika uchumi na muziki. Fomu yake iko mezani, na safari hii tunaomba asikilizwe.