Taarifa Nzuri, Ghala Tupu: Kuanguka kwa Dola ya Kisovieti

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani, Makere)



Nimeombwa nieleze kwa nini Umoja wa Kisovieti, ambao darasani tuliuita Urusi tu, ulianguka. Wengi wetu tulisoma somo la Siasa tukiamini dola ile haina mwisho. Ndiyo iliyomrusha mtu wa kwanza angani, Yuri Gagarin, mwaka 1961. Silaha zake ziliitisha dunia nzima. Lakini tarehe 25 Desemba 1991 bendera yake iliteremshwa mjini Moscow, na hapakuwa na jeshi la kigeni lililoivamia.

Sababu za uchumi zinafahamika. Fedha nyingi zilikwenda kwenye silaha, na tangu Desemba 1979 kwenye vita vya Afghanistan. Nchi yenye ardhi kubwa kuliko zote duniani ilinunua nafaka Marekani na Kanada, ikilipa kwa fedha za mafuta. Mwaka 1986 bei ya mafuta ikaporomoka.

Sababu za siasa nazo zinafahamika. Chama kilikuwa kimoja na hakikukosolewa. Mikhail Gorbachev aliposhika uongozi mwaka 1985 na kuwaruhusu watu waseme, yakatoka malalamiko yaliyofichwa tangu Mapinduzi ya 1917. Jamhuri zilikuwa 15, na baadhi ziliingizwa kwa nguvu. Lithuania ilijitangazia uhuru Machi 1990. Agosti 1991 wakubwa wa chama na jeshi walijaribu kumpindua Gorbachev wakashindwa. Desemba mosi wananchi wa Ukraine wakapiga kura ya uhuru. Hapo ndipo mambo yalipokwisha.

Lakini mimi naona ipo sababu iliyo chini ya hizo zote: serikali ile haikujua hali yake yenyewe. Moscow ilipanga kila kitu, kuanzia bei ya mkate hadi idadi ya viatu. Meneja aliyefikia lengo alipewa zawadi, na aliyeshindwa alihatarisha cheo chake. Basi kila mmoja akafikia lengo kwenye karatasi. Katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, viongozi wa Uzbekistan waliandika pamba ambayo haikuvunwa, na Moscow ikailipia. Mgonjwa anayemdanganya mganga wake hawezi kupona.

Ndugu zangu, tusiwacheke Warusi. Mkoa wetu ulikuwa miongoni mwa ya mwanzo kuhamishiwa vijijini, katika Operesheni Kigoma ya mwaka 1972. Mwishoni mwa 1973 ikaamriwa kwamba nchi nzima iwe imehamia vijijini ifikapo 1976. Nia ilikuwa njema: shule, zahanati na maji. Shule tulizipata kweli. Lakini wako walioacha migomba yao nyuma na kupewa malengo ya kulima yaliyopangwa na watu wasioijua ardhi ile.

Siku hizo nilikuwa bwana shamba kijana. Nilitumwa kupima shamba la ujamaa la kijiji kimoja. Nikakuta limelimwa robo tu ya lengo. Nikaogopa, nikaandika kwamba lengo limefikiwa. Nikasifiwa. Msimu uliofuata akina mama wa kijiji kile waliomba chakula cha msaada. Wakajibiwa kwamba, kwa mujibu wa taarifa, kijiji chao kinajitosheleza. Taarifa hiyo ilikuwa yangu. Sijaisahau hadi leo.

Mtauliza, mbona nchi yetu haikuvunjika? Kwanza, hatukuwa dola iliyounganisha mataifa kwa mtutu. Pili, wakubwa wetu walikiri mapema kidogo. Mwaka 1977, katika kijitabu cha miaka 10 ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere mwenyewe alisema wazi kwamba hatujafika kwenye ujamaa wala kujitegemea. Mwaka 1985 akang'atuka. Mwaka 1986 tukapatana na Shirika la Fedha la Kimataifa, na mwaka 1992 vyama vingi vikaruhusiwa. Tuliumia sana, na foleni za sukari na sabuni mnazikumbuka. Lakini tulibadili mwendo nyumba ikiwa bado imesimama.

Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humuumbua. Miongoni mwetu hapa wamo walimu wakuu, waganga, watendaji wa kata na wahasibu. Kila mwezi mnajaza fomu za watoto waliohudhuria, dawa zilizobaki, visima vinavyotoa maji. Nawaombeni, andikeni mliyoyaona kwa macho yenu, hata kama mkubwa atakunja uso. Uso uliokunjwa hukunjuka. Lakini mama aliyenyimwa chakula kwa sababu ya kalamu yako utamkuta kila usiku unapofumba macho.