Gari la Kijerumani na Gari la Kijapani: Bei ya Kununua na Gharama ya Kukaa Nalo



Kamati iliniomba nizungumze juu ya jambo litakalowafaa wazee na vijana pia. Nimechagua motokaa. Najua mtacheka, maana mimi si fundi; ni mtumishi wa serikali, na kazi yangu ni mafaili. Lakini katika jambo hili nimelipa ada kubwa kuliko ile ya Chuo Kikuu, na si haki elimu ya ghali namna hiyo nikae nayo peke yangu.

Miaka saba iliyopita nilichukua mkopo katika chama chetu cha akiba na mikopo, nikanunua gari la Kijerumani lililokwisha kutumika. Nitasema kweli mbele ya walimu wangu: sikulinunua kwa hesabu. Mkutano wetu wa mwaka ule ulikuwa karibu, nami nilitaka niingie kwa lango lile mnione. Nikaingia, mkaniona. Miezi minne baadaye giaboksi ikaanza kugonga. Fundi wa kwanza alibadilisha kisichokuwa kibovu. Wa pili hakuwa na kompyuta ya kulipima. Kipuri kikaagizwa nje. Gari likakaa juu ya mawe miezi kumi na mmoja, na makato ya mkopo yakaendelea kila mwisho wa mwezi. Muhula mmoja binti yangu alichelewa kurudi shuleni wiki tatu kwa sababu ya ada. Hilo ndilo lililoniuma, si giaboksi.

Hata hivyo, ndugu zangu, sikuja kuwatukana Wajerumani. Wazee waliopo hapa wanakumbuka mashindano ya magari ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 na kupita katika barabara za Afrika Mashariki. Volkswagen ilishinda mwaka 1954, 1957 na 1962, na Mercedes ikashinda mwaka 1960 na 1961. Volkswagen ile ya mgongo wa kobe haikuwa hata na rejeta; injini yake ilipozwa kwa upepo, na fundi yeyote mwenye spana chache aliweza kuifungua chini ya mwembe. Kisha wakaja Wajapani. Datsun ilishinda mwaka 1970, 1971 na 1973, na Shekhar Mehta wa Kenya akashinda mara 5, mwaka 1973 na tena 1979 hadi 1982, mara zote kwa magari ya kampuni hiyo.

Hivyo basi, uimara si suala la kabila la gari. Ni suala la gari limeundwa kwa ajili ya nani na litatunzwa wapi. Gari la Kijerumani la siku hizi limeundwa likimbie katika barabara kuu za kwao, ambazo baadhi ya sehemu zake hazina kikomo cha mwendo. Hutulia barabarani, na breki zake ni za kusifiwa. Lakini limejaa vipimo vya umeme, na linamtarajia mwenyewe alipeleke kwa fundi wa kampuni, kwa tarehe iliyoandikwa kitabuni. Sisi tunalipokea likiwa na miaka kumi na zaidi, mpira na plastiki zimechoka, na fundi huyo yuko mbali.

Mjapani alichukua njia nyingine. Sakichi Toyoda alibuni mashine ya kufumia iliyosimama yenyewe uzi ukikatika, isije ikafuma kitambaa kibovu. Mwanawe, Kiichiro, ndiye aliyeanzisha kampuni ya magari ya Toyota mwaka 1937, na wazo lile likaingia kiwandani: mfanyakazi akiona kasoro ana ruhusa ya kusimamisha kazi mpaka irekebishwe. Wahenga wetu walisema zamani: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Aidha, Japani wanaendesha upande wa kushoto kama sisi, kwa hiyo magari yao yaliyotumika yanatufaa bila kugeuza usukani. Yakawa mengi, na palipo na magari mengi ya aina moja vipuri huwa karibu na mafundi huwa wazoefu.

Sasa nawasomea daftari langu. Gari la Kijerumani nililinunua kwa Shs. 14,000,000/=. Katika miaka mitatu matengenezo yalikula 9,600,000/=, nikaliuza kwa 4,000,000/=. Nilipoteza 19,600,000/=. Gari la Kijapani lililofuata nililinunua kwa 13,000,000/=. Katika miaka mitatu ya kwanza matengenezo yalikuwa 2,100,000/=, na jirani yangu akataka kulinunua kwa 10,000,000/=. Ningeuza, ningekuwa nimepoteza 5,100,000/=. Petroli na bima sikuzitia, maana hazikupishana sana. Tazameni: siku ya kununua magari hayo yalipishana shilingi milioni moja tu.

Basi nawashauri mambo matatu. Kwanza, kabla ya kununua ulizeni bei ya vipuri na jina la fundi, ndipo muulize bei ya gari. Pili, msilale kwa sababu gari ni la Kijapani. Mita ya kilomita hurudishwa nyuma. Dai karatasi ya mnada wa Japani na uisome. Vipuri bandia viko tele, na gari lisilobadilishwa oili litakufa hata likiwa limetoka wapi. Tatu, mwenye uwezo wa kulitunza gari la Kijerumani kama kitabu chake kisemavyo, na anunue, alifurahie. Asiye na uwezo huo asione haya.

Leo nimekuja na gari ambalo hakuna aliyegeuka kulitazama. Binti yangu amemaliza kidato cha sita mwaka huu. Ninyi vijana, siku mtakapopata mshahara wa kwanza, kumbukeni kwamba gari hununuliwa siku moja na kulipiwa kila siku.